Kibera Kuna Wavuvi, Maji Yako Wapi?

Mtu wa Pwani akiambiwa kwamba kuna vijana wa Kibera na Kawangware wanaotafuta mashindano ya kuvua samaki, jambo la kwanza atakalolifanya ni kucheka. Atauliza, mitaa ya Nairobi na uvuvi ni wapi na wapi? Huko ni mabati na matope na makelele ya matatu. Mvuvi wa huko atavua nini kama si viatu vibovu? Lakini kicheko hicho si cha haki, na leo nataka kueleza kwa nini si cha haki, na kwa nini jambo la vijana hao linatuhusu sisi wa Pwani kuliko tunavyodhani.

Vijana wa namna hiyo nimekutana nao zaidi ya mara moja, na swali lao si la mzaha. Baadhi yao wamezaliwa Mombasa, Kwale na Lamu, wakafuata kazi Nairobi. Wengine ni Wanubi wa Kibera, ndugu zetu katika dini, ambao babu zao walikuwa askari kutoka Sudani. Wao ndio waliopaita mahali hapo Kibra, yaani msitu. Wengine wametoka kando ya Ziwa Viktoria, ambako mtoto hujua kutia chambo kabla hajajua kuandika jina lake. Siku ya mapumziko huchanga nauli wakaenda kuvua katika mabwawa ya watu binafsi upande wa Kiambu, au wakajitahidi mpaka Naivasha. Wamesikia kwamba kuna mashindano ya kuvua samaki aitwaye besi, na kwamba huko Marekani watu wamejenga majumba kwa mashindano hayo. Wanataka kujua: hapa petu mashindano kama hayo yako wapi, na mtu huingiaje?

Swali ni jepesi, lakini jibu lake lina mafundo matatu. La kwanza ni fundo la maji, la pili ni la mlango, na la tatu ni la dini. Nitayafungua moja moja, baada ya kumjua samaki mwenyewe.

CHEWA WA MAJI MATAMU

Besi si mwenyeji wa nchi hii. Ni samaki wa maji matamu wa Amerika ya Kaskazini. Rangi yake ni kijani iliyoingia weusi, ana ukanda mweusi ubavuni, na kinywa chake ni kipana kuliko kadiri ya mwili wake. Mtu wa Pwani akitaka kumfahamu upesi na amfikirie chewa. Chewa hukaa katika pango la mwamba akangoja, na kitu kikipita mbele yake hukimeza mara moja. Besi naye hujificha penye majani ya majini au chini ya gogo lililozama, akavizia. Huwinda kwa macho, kwa hiyo hupenda maji maangavu. Wakati wa kuzaa, dume ndiye anayefagia kiota penye maji haba, na ndiye anayelinda mayai na vitoto. Siku hizo humrukia kila anayekaribia. Ukali huo ndio uliompa sifa kwa wavuvi wa mchezo.

Nchini Kenya alitiwa katika Ziwa Naivasha mwaka wa 1929, wakati wa ukoloni, ili masetla wapate mchezo. Kabla yake alikuwa ameletwa trauti kutoka Uskoti, akatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Nyandarua mwaka wa 1905, naye aliyemleta anatajwa kuwa ni Ewart Grogan. Basi huo ndio uzazi wa uvuvi wa mchezo huko bara: samaki mgeni, aliyeletwa na wageni, kwa starehe ya wageni. Lakini samaki hana ubaguzi wa rangi. Uvuvi wa biashara ulipoanzishwa Naivasha mwaka wa 1959, besi akaingia sokoni na jikoni, akawa kitoweo cha watu ambao hawakuwahi kukanyaga mlango wa klabu.

Huko alikotoka, besi amekuwa biashara kubwa. Mwaka wa 1967 mtu mmoja wa Alabama aitwaye Ray Scott, aliyekuwa akiuza bima, alikusanya wavuvi 106 kwenye ziwa la Beaver katika jimbo la Arkansas, kila mmoja akatoa kiingilio cha dola 100, wakashindana. Kutokana na kusanyiko hilo kikazaliwa chama chenye wanachama wengi mno, na mwaka wa 1971 yakafanyika mashindano yake makuu ya kwanza, mshindi akapata dola 10,000. Siku hizi mashua zao zina mashine za kuonyesha samaki aliye chini, na matajiri wa makampuni hugombea kuandika majina yao kwenye mashati ya wavuvi.

Walakini, jambo ninalopenda vijana wetu walijue zaidi ni hili. Besi mkubwa kupita wote waliopata kuandikwa katika nchi ile hakuvuliwa kwa mashua ya fahari. Alivuliwa mwaka wa 1932, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, na kijana wa mashambani katika jimbo la Georgia aitwaye George Perry. Samaki yule alikuwa na ratili 22 na aunsi 4, yapata kilo kumi. Perry alimpeleka akapimwa, akashinda shindano la gazeti moja la wavuvi na kupata vifaa vya thamani ya dola 75. Kisha samaki akapelekwa nyumbani, akapikwa, akaliwa na jamaa zake. Ilipita miaka 77 kabla hajatokea mtu wa kulingana naye, naye ni Manabu Kurita wa Japani, mwaka wa 2009 katika Ziwa Biwa. Tajiri na mashine zake, na maskini na ndoana yake, mbele ya samaki ni sawasawa. Kinachohitajika ni kuwako maji yenye samaki, na ruhusa ya kuyafikia.

MAJI YALIYOUAWA

Sasa natufungue fundo la kwanza. Kibera haikuwa mbali na maji. Upande wake wa kusini liko Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953 kwa kuuzuia Mto Motoine, lenye ukubwa wa eka 88 hivi. Lilikusudiwa kuwa akiba ya maji ya mji. Watu walipiga matanga humo, ikawako klabu ya mashua ndogo, na watu wakavua. Kwetu sisi tunaotazama Bahari ya Hindi, eka 88 ni dimbwi tu. Lakini wahenga walisema, maji ya kifuu bahari ya chungu. Kwa mtoto wa Kibera, ile ilikuwa ndiyo bahari yake.

Bahari hiyo imeuawa. Mji ulikua pande zote, watu wakaongezeka, na vyoo na mifereji haikuongezeka. Maji taka yakaingia mtoni, takataka zikaingia, udongo ukajaa, na ilipofika miaka ya 1990 gugu-maji likatandaa juu hata mtu akitazama kwa mbali hudhani ni shamba. Samaki anayewinda kwa macho, anayetaka maji maangavu na hewa ya kutosha ndani yake, hawezi kuishi mahali kama hapo. Labda kambare, ambaye aweza kujivutia hewa ya juu, ndiye atakayestahimili. Na hata huyo, muungwana atafikiri mara mbili kabla hajamtia chunguni. Wenzetu waliosoma fiqhi wanajua hukumu ya jalala, mnyama anayekula najisi, kwamba nyama yake huchukiza mpaka alishwe kilicho safi.

Kawangware nako ni hivyo hivyo. Mto Nairobi unaanzia katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukiwa maji safi ya chemchemi. Unapokuwa umepita bonde la Kangemi na Kawangware umekwisha kubebeshwa mzigo wa kila nyumba isiyokuwa na mfereji. Watoto wa hapo wanauona mto kila siku, na hakuna mama mwenye akili atakayewaruhusu watie hata mguu.

Msomaji wa Malindi atasema, hayo ni ya bara. Namwomba afuate mkondo. Motoine ukitoka bwawani huitwa Ngong, hupita katika eneo la viwanda, ukaungana na Mto Nairobi mashariki ya mji. Mto Nairobi unaingia katika Athi. Athi huteremka, ukaitwa Galana, na mwisho wake ukaitwa Sabaki; nao Sabaki, kama ajuavyo kila mtoto wa Malindi, unamwaga maji yake baharini kati ya Malindi na Mambrui. Yale maji mekundu yanayoonekana wakati wa masika yana udongo wa nchi nzima ndani yake, na pamoja na udongo huo yamo mambo ya Kawangware na Kibera. Anayedhani kwamba bwawa lililokufa Nairobi halimhusu mvuvi wa Malindi hajautazama mto wake unatoka wapi.

Na isidhaniwe kwamba mto ukifa haufufuki. John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira, kuanzia 2008 mpaka alipofariki 2012, aliwafanya watu waone kwa macho yao kwamba kipande cha Mto Nairobi katikati ya mji chaweza kusafishwa na kando zake zikapandwa miti. Mwaka wa 2022 ikaundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Mimi nasema, heri. Lakini nina neno moja la kuongeza. Usafi wa mto usiwe jina jingine la kufukuza maskini. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, nyumba nyingi kando ya mito ya Nairobi zilibomolewa, na wenyewe wakabaki na magodoro yao barabarani. Mtu wa kando ya mto hachafui kwa kupenda. Huchafua kwa kuwa hakupewa mfereji. Wanubi wa Kibera walikaa juu ya ardhi iliyotengwa rasmi mwaka wa 1918, eka 4,197, wakangoja mpaka 2017 ndipo walipokabidhiwa hati ya eka 288. Watu waliongoja karne nzima kupata kipande cha ardhi hawastahili kuambiwa kwamba sasa samaki wana haki kuliko wao. Mfereji na utangulie; tingatinga likibidi kuja, lije nyuma yake.

MLANGO ULIOFUNGWA

Fundo la pili ni mlango. Tuseme kijana amekwisha kufahamu kwamba karibu na kwao hakuna maji, naye yuko tayari kusafiri. Atayapata wapi mashindano?

Njia ya kwanza ni Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Besi bado yumo, ingawa si kwa wingi wa zamani. Samaki wengine wageni wameingia na kumzidi, na ziwa lenyewe limepata kuchoshwa na uvuvi hata likafungwa mwaka wa 2001 lipumzike. Sehemu kubwa ya ukingo wake ni mali ya watu na mashamba ya maua na mahoteli. Mtu asiyekuwa na mwenyeji atafute fuo za umma, kama vile Kamere na Karagita, aulize wazee wa BMU, yaani kamati ya wavuvi wa ufuo. Wao ndio wanaojua ni lini ziwa limefunguliwa na lini limefungwa, ni nani anayeandaa shindano na nani anayekodisha mashua. Na asivue kando ya maji alfajiri wala magharibi bila ya mwenyeji: Naivasha kuna viboko, na kiboko hajui kwamba mtu amekuja kwa mchezo.

Njia ya pili ni ofisi ya uvuvi. Nchi hii ina Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, na mtu anayevua kwa mchezo hutakiwa kuwa na leseni. Wengi huiogopa ofisi. Lakini kijana akienda kutafuta leseni atapata pia habari: maji gani yana samaki gani, na nani wanakutana kushindana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Njia ya tatu, na hii ndiyo inayonichoma, ni Pwani yetu wenyewe. Mashindano ya kuvua yenye sifa kubwa kabisa katika nchi hii hayako Nairobi wala Naivasha. Yako Malindi, Watamu, Kilifi, Mtwapa na Shimoni, wakati wa kaskazi, sulisuli wanapopita. Watu wametoka Ulaya na Marekani kuja kuvua hapa. Ernest Hemingway mwenyewe alikuja mwaka wa 1954. Klabu ya uvuvi ya Malindi ni ya tangu kabla ya Uhuru. Huko Watamu liko shirika la African Billfish Foundation, linalowatia sulisuli alama na kuwaachilia ili wanachuoni wajue wanakokwenda. Haya yote ni mambo makubwa, yanayofanywa katika maji yetu.

Lakini hebu tujiulize, katika mashindano hayo kijana wetu huonekana wapi? Huonekana akishika usukani, akifunga chambo, akisoma rangi ya maji na ndege walio juu, akimwonyesha mgeni pa kutupa mshipi. Samaki akipanda, jina linaloandikwa ubaoni ni la aliyelipa. Sisemi kwamba klabu hizo ni mbaya. Zimelea manahodha wa Kiswahili na wa Kigiriama ambao ujuzi wao unajulikana mbali, na zimelisha nyumba nyingi. Ninalosema ni kwamba gharama ya mashua, mafuta na kiingilio imekuwa ukuta, na nyuma ya ukuta huo wamebaki wenye bahari. Kijana wa Kibera hana maji. Kijana wa Mayungu anayo maji, hana mlango. Msiba wao ni mmoja.

HALALI NA KAMARI

Fundo la tatu watu hawapendi kulizungumza, nami naona ndilo linalowazuia wazee wengi wa Kiislamu kuwaruhusu watoto wao. Hufikiri kwamba mashindano ya kuvua ni kamari, na kwamba klabu ni mahali pa ulevi. Hofu hiyo ina msingi wake, basi tusiipuuze, tuipime.

Kuvua kwenyewe hakuna shaka. Sura ya Al-Maida, aya ya 96, imehalalisha mavuo ya baharini yawe chakula chetu na cha wasafiri. Tatizo liko kwenye fedha. Washindani wakichanga kila mmoja sehemu yake, kisha mmoja au wawili wakazoa chungu chote na wengine wakarudi mikono mitupu, hapo ndipo wanavyuoni wanapoona sura ya kamari, na kamari imekatazwa katika sura hiyo hiyo, aya ya 90. Katika hadithi, Mtume (s.a.w.) ameyataja mashindano ya mishale, ngamia na farasi kuwa ndiyo ya kutolewa tuzo, na maulamaa wamelijadili sana jambo la michezo mingine. Lakini zawadi inayotolewa na mtu wa nje, tajiri au serikali au jumuiya, ambaye hashindani, wanavyuoni wengi wa zama zetu wameiona kuwa na nafasi. Kiingilio kikiwa ni cha kulipia mashua na chakula tu, wala hakigeuki kuwa zawadi, hiyo nayo ni habari nyingine. Kwa hivyo kijana aulize mapema: zawadi inatoka mfukoni mwa nani? Akijua hilo, amwendee sheikh wake na swali lililo wazi, si na uvumi.

Kuna jambo la pili. Wavuvi wa besi Marekani tangu mwaka wa 1972 wamezoea kumpima samaki na kumrudisha majini akiwa hai, ili asipungue. Nia hiyo ni njema kwa upande wa hifadhi, na sulisuli wetu nao wameokoka kwa desturi kama hiyo. Lakini Mwislamu atauliza, je, ni halali kumtoboa kiumbe kinywa kwa kujifurahisha tu? Mtume (s.a.w.) alikataza kumfanya kiumbe hai shabaha. Kwa maoni yangu, mashindano yanayotufaa sisi ni yale ambayo samaki aliyefikia kipimo huliwa, na mchanga au jike mwenye mayai huachwa upesi bila kuteswa. Hapo ndipo ninapomkumbuka George Perry. Rekodi yake ilikaa miaka 77, na samaki wake aliliwa.

Jambo la tatu ni ulevi, na sala. Nani amesema kwamba mashindano ya kuvua lazima yamalizikie kwenye baa? Nani amesema lazima kampuni ya pombe au ya kubahatisha ndiyo itoe kombe? Sisi ndio tumeacha mahali wazi, wakaingia wengine. Siku ya mashindano ikiwekwa Jumamosi badala ya Ijumaa, na adhana ikaheshimiwa, na chakula kikawa pilau na samaki, mzee gani atamkataza mwanawe?

MFANO TUNAO

Wala hatuhitaji kwenda Arkansas kutafuta mfano. Lamu, siku za Maulidi na za tamasha la utamaduni, hufanywa mashindano ya mashua, ya punda na ya kuogelea. Mtoto wa maskini huingia na punda wa babake, yule yule anayebeba mchanga na mawe. Haulizwi kadi ya uanachama. Zawadi hutolewa na wafadhili, na sifa hukaa mtaani mwaka mzima. Watu hutoka mbali kuja kutazama, mji hupata riziki, na hakuna aliyesema kwamba mashindano hayo si ya maana kwa sababu hayana klabu.

Napendekeza basi mambo manne. La kwanza, misikiti na jumuiya za Waislamu wa Kibera na Kawangware ziandae siku moja kwa mwaka ya kuvua Naivasha, kwa mshipi na ufito, kila kijana na kifaa chake cha bei nafuu. Wafadhili watoe nauli, mashua, majaketi ya kuelea na zawadi. Washindani wasitoe chungu. Wazee wa BMU wawe waamuzi, kwa kuwa wao ndio wenyeji. Samaki wapimwe kwa mizani mbele ya watu wote, kisha wapikwe, na sehemu ipelekwe kwa mayatima. Mashindano ya namna hiyo hayawezi kuitwa kamari na mtu yeyote.

La pili, klabu za uvuvi za Pwani zifungue siku moja katika msimu wao kwa vijana wa mitaa inayozizunguka, mashua yake na ndoana yake, pasipo kiingilio, na jina la mvuvi liandikwe ubaoni hata kama alivua kolekole kwa mtumbwi wa mwembe. Klabu haitapungukiwa na kitu. Itapata majirani.

La tatu, magavana wa Nairobi na wa kaunti za mto huu mpaka Kilifi wakae meza moja. Mto hauna mpaka wa kaunti. Wavuvi wa Malindi wapate sauti katika mazungumzo ya kusafisha Mto Nairobi na Bwawa la Nairobi, kwa sababu wao ndio wanaopokea kilichoachwa. Na wenyeji wa Kibera na Kawangware wapate sauti ya kwanza, kwa sababu wao ndio watakaoambiwa wahame.

La nne ni letu sisi wazazi. Kijana anayeamka usiku kutafuta chambo, akakaa saa sita kimya akingoja samaki ambaye huenda asije, amekwisha kujifunza subira ambayo hakuna shule inayoisomesha. Yuko mbali na bangi, yuko mbali na simu ya kubahatisha mpira. Tunapomcheka kwa sababu anatoka mtaa wa mabati, tunamrudisha pale pale tulipoogopa asiende.

Watu huniambia kwamba Bwawa la Nairobi halitarudi, na kwamba kizazi hiki hakitaona mtu akivua humo. Huenda wana haki. Lakini nawaomba wakumbuke kwamba bwawa lile halikuumbwa. Lilijengwa na mikono ya watu, na kwa mikono ya watu likaharibiwa. Kinachotakiwa kulirudisha ni kazi ya mifereji, ambayo serikali zimeahidi mara nyingi na kila mpiga kura wa Kibera na Kawangware ana haki ya kuidai. Siku kazi hiyo itakapofanywa, swali la vijana juu ya mashindano litajijibu lenyewe, kwa sababu penye maji safi samaki huja, na penye samaki watu hushindana. Na Sabaki nao utamletea mvuvi wa Malindi habari njema badala ya takataka.